Fremu ya triatloni kutoka China: pima kwanza, lipa baadaye

Picha ya fremu nyeusi ya baiskeli ya triatloni (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia), isiyo na jina, yenye mabomba mapana kama panga, inaweza kumtoa mtu usingizini. Bei ni sehemu ndogo tu ya ile ya fremu yenye nembo kubwa, muuzaji anajibu ujumbe kabla hujaweka simu chini, na kidole kimeshakaribia kitufe cha kulipa. Nami niliwahi kukibonyeza mapema mno. Fremu ilifika salama, haikuwa na kasoro hata moja, na haikunifaa: mito ya viwiko, ile unayoegemeza mikono ukiinama mbele, ilikaa sentimita 4 chini ya pale ambapo mgongo wangu unakubali. Kiwanda hakikukosea kitu. Mimi ndiye niliyenunua kwa macho.

Wasiwasi wa "lakini ni ya China" uweke kando mapema. Sehemu kubwa ya fremu za kaboni duniani hutengenezwa China na Taiwan, zikiwemo nyingi zinazouzwa kwa majina makubwa ya Marekani na Ulaya. Tofauti iko kwa watu wanaosimama kati yako na kiwanda. Kampuni yenye jina ina mhandisi aliyechora, mtu aliyejaribu, duka linalokupima mwili, na bohari yenye vipuri. Ukiagiza moja kwa moja, kazi za watu hao wote zinakuangukia wewe. Ndiyo maana bei imeshuka.

Fremu nyingi za aina hii hutoka kwenye kile kinachoitwa kalibu ya wazi: kiwanda kinamiliki kalibu na kumuuzia fremu ileile yeyote anayetaka kuipaka rangi na kuipa jina. Kwa hiyo usishangae ukiiona fremu moja kwa majina matano na bei tano. Linganisha michoro ya vipimo. Ikifanana hadi milimita, huenda ni ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 1: Jua unakwenda mashindano gani

Kuna triatloni ambamo kufuata mgongo wa mwenzako kunaruhusiwa, na nyingine ambamo ni kosa lenye adhabu. Katika zile za kwanza, chini ya kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la triatloni, unatakiwa uwe na baiskeli ya barabarani yenye usukani wa kawaida uliopinda, na fremu ya triatloni itabaki nyumbani. Katika zile za pili, ikiwemo Ironman, triatloni ndefu yenye kilomita 180 za baiskeli, na nusu yake ya kilomita 90, ndipo mahali pa fremu hii.

Wauzaji wengine hutaja kibandiko cha UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, kana kwamba ni cheti cha usalama. Sicho. Kinathibitisha kwamba umbo na vipimo vya fremu vinafuata kanuni za mbio za baiskeli za shirikisho hilo. Kama unapanga pia kushindana katika mbio za dhidi ya saa za chama cha baiskeli, uliza. Kama ni triatloni tu, kibandiko hicho kisikuongezee bei.

Hatua ya 2: Pima mkao wako, si urefu wako

Hapa ndipo pa kutumia muda. "Nina mita 1.75, nichukue 52 au 54?" ni swali lisilo na jibu, kwa sababu namba hizo hazina maana moja kati ya kiwanda na kiwanda. Muuzaji atakujibu, tena kwa uhakika, lakini atakuwa anabahatisha.

Unachohitaji ni namba mbili. Ya kwanza ni kimo cha mito ya viwiko: kutoka katikati ya ekseli ya pedali kwenda juu wima hadi usawa wa uso wa mito. Ya pili ni umbali wa mito: kutoka wima huohuo kwenda mbele hadi ukingo wa nyuma wa mito. Kama una baiskeli yenye mikono ya aero (vyuma vya mbele vya kushika ukiwa umelalia viwiko) unayoiendesha kwa saa mbili bila maumivu, chukua futikamba, kamba yenye uzito kwa chini na pima maji, uzipate mwenyewe. Kama huna, mlipe mtaalamu wa kupanga mkao kabla ya kununua fremu. Atakuwa na baiskeli ya kupimia inayorekebishika kila upande, na utaondoka na namba zako kwenye karatasi. Fedha hiyo inauma, najua. Fremu isiyokutosha inauma zaidi.

Sasa chukua mchoro wa fremu. Utaona namba mbili zilizoandikwa "stack" na "reach". Ya kwanza ni kimo kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya bomba la usukani. Ya pili ni umbali wa mlalo kati ya nukta hizohizo mbili. Hizo ndizo saizi halisi za fremu, hata ikiandikwa S, M au 54.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu. Tuseme mito yako inatakiwa kukaa milimita 640 juu. Fremu ina kimo cha 525. Kifuniko cha beringi za usukani kinaongeza 10. Usukani wenyewe pamoja na mito yake, ikiwa chini kabisa, unaongeza 70. Jumla 605. Unapungukiwa milimita 35, na lazima zipatikane kwa vipandishi. Muulize muuzaji: vipandishi vinakwenda hadi milimita ngapi, na kwa hatua za ngapi? Akijibu 60, kwa hatua za 5, umepona. Akijibu 20, achana na saizi hiyo. Saizi inayofuata yenye kimo cha 560 itakufikisha 640 bila kipandishi chochote, lakini haitakuachia nafasi ya kushuka hata milimita moja. Mimi huchagua saizi inayoniweka katikati, nikiwa na nafasi juu na chini, kwa sababu mwili hubadilika msimu hadi msimu.

Angalia pia njia ya kupanda. Baadhi ya usukani hupandisha mito peke yake kwa nguzo zilizo wima au karibu na wima. Mingine hupanda yote kwa kuwekewa vipete kwenye bomba la uma, na bomba hilo limelala kwa nyuma. Kwenye bomba la nyuzi 72, kila milimita 10 unazopanda zinakurudisha nyuma karibu 3. Mtu anayepanda sentimita 4 kwa njia hiyo amepoteza zaidi ya sentimita moja ya mbele bila kujua.

Upande wa kiti, tazama pembe. Baiskeli za barabarani huwa na nyuzi 72 hadi 74. Za triatloni ni 76 hadi 80, ili kiti kisogee mbele na nyonga zibaki wazi hata kifua kikiinama. Wazo hilo lilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Dan Empfield wa kampuni ya Quintana Roo alipounda baiskeli kwa ajili ya triatloni peke yake. Miaka hiyohiyo mikono ya aero ilitokea, na mwaka 1989 mwendesha baiskeli Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France kwa sekunde 8 tu baada ya kuitumia siku ya mwisho, akiwa ameanza siku hiyo nyuma kwa sekunde 50. Nalitaja hili kwa sababu moja: upepo mwingi unaokuzuia unagonga mwili wako, si mabomba. Fremu nyembamba usiyoweza kuinamia kwa saa tano ni ya polepole kuliko fremu nene unayoilalia kwa raha.

Hatua ya 3: Omba mchoro, kisha uliza maswali ya fundi

Usikubali picha za rangi. Omba mchoro wa kiufundi wenye vipimo vyote, na orodha ya kila kitu kinachokuja ndani ya boksi. Halafu pita kwenye maungio moja baada ya jingine.

Ekseli ya pedali. Hapa nina upendeleo na sitauficha: chukua fremu yenye tundu la hesi, ambamo vikombe vya beringi vinaingia kwa kuzungushwa kama nati. Ama BSA ya kawaida yenye upana wa milimita 68, ama T47. Aina za kubana, kama BB86 yenye tundu la milimita 41, ni nzuri tundu likiwa duara kamili na pande zote mbili zikitazamana sawasawa. Likikosea kidogo tu, utasikia mlio kila ukikanyaga, na utaununua mlio huo upya kila mwaka. Kama ni ya kubana na umeipenda hata hivyo, usifunge beringi kabla ya kupima tundu kwa kalipa, kipimo cha kubana cha fundi.

Breki na ekseli za magurudumu. Fremu mpya nyingi ni za diski, zenye ekseli za milimita 12, upana wa 100 mbele na 142 nyuma. Huo ni mfumo unaopatikana popote na utadumu. Fremu za breki za rimu bado zinauzwa kwa bei ya kushawishi, ila chunguza breki yenyewe: mara nyingi imefichwa chini ya ekseli ya pedali au nyuma ya uma, ni ya umbo la pekee, inajaa tope na inamtesa fundi.

Gia. Je, fremu inapokea kebo za kawaida, au ni ya gia za umeme tu? Kama ni Di2, gia za umeme za Shimano, betri inakaa wapi? Nguzo ya kiti yenye umbo la bawa wakati mwingine haina nafasi ya betri, na jambo hilo watu hulijua wakiwa wameshafungua boksi.

Tairi. Uliza upana halisi wa juu kabisa unaoingia. Siku hizi milimita 28 ni kawaida, na fremu inayoishia 23 ni kalibu ya zamani inayomalizia maisha yake.

Kisha uje kwenye vitu vidogo, vile vinavyosimamisha baiskeli kubwa. Sikio la kibadilisha gia: agiza mawili ya ziada pamoja na fremu, kwa sababu baada ya miaka mitatu kiwanda kinaweza kuwa kimeacha kalibu hiyo, nawe utazunguka na kipande kilichopinda ukitafuta pacha wake. Kabari ya kubana nguzo ya kiti: moja ya ziada. Beringi za usukani: andika namba zilizochongwa juu yake ili uzinunue popote. Vifuniko na vipete vya usukani: seti nzima. Vyote hivi vinaingia boksi moja bila kuongeza gharama ya maana. Kuvituma peke yake baadaye ni hadithi nyingine.

Hatua ya 4: Mpime muuzaji

Omba ripoti ya majaribio ya ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, hasa sehemu ya 6 inayohusu fremu na uma. Majaribio hayo hayaangalii uzuri: fremu inakanyagwa kwa mashine mizunguko 100,000, inaangushiwa uzito, inasukumwa na kuvutwa. Ripoti iwe na jina la maabara, tarehe, na namba ya modeli ileile unayonunua. Ripoti ya fremu nyingine ya kiwanda hichohicho haikusaidii. Muuzaji anayeanza kuzungukazunguka hapa ameshakujibu.

Usilewe namba za nyuzi za kaboni. Kampuni ya Toray ya Japani hutengeneza nyuzi za T700, T800, T1000 na nyingine, na wauzaji huzipanga kama ngazi za ubora. T800 ni ngumu zaidi kuliko T700: GPa (kipimo cha ugumu) 294 dhidi ya 230. Lakini T1000 ina ugumu uleule wa 294; inayozidi ni nguvu ya kuvutwa kabla ya kukatika. Na fremu haitengenezwi kwa uzi mmoja mwanzo hadi mwisho. Kinachoamua ni mpangilio wa matabaka, mwelekeo wake, na kama resini, gundi inayoshika nyuzi, ilibanwa vizuri bila kuacha mapovu. Fremu ya T700 iliyopangwa na mtu makini inaishinda ya T1000 iliyopangwa kwa haraka.

Fremu isiyo na jina ni bidhaa halali. Fremu yenye nembo ya kampuni maarufu kwa bei ya kalibu ya wazi ni kughushi, na aliyeghushi nembo hana sababu ya kuwa mwaminifu kwenye matabaka ambayo huyaoni. Hapo hakuna mjadala.

Uliza pia kikomo cha uzito wa mwendeshaji, muda wa dhamana, na hasa nani analipa gharama ya kurudisha fremu ikiwa na kasoro. Wengi hutoa dhamana ya miaka miwili kwa maandishi, huku usafirishaji wa kurudisha ukiwa juu yako. Hilo si utapeli, ila liingize kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Piga hesabu nzima kabla ya kulipa

Fremu ni mwanzo wa bili. Ongeza magurudumu, gia, breki, kiti, tairi, usukani kama hauji nao, usafirishaji, ushuru wa forodha, na mkono wa fundi. Kama vipuri vingi unavyo tayari kwenye baiskeli nyingine, fremu ya moja kwa moja ni mpango mzuri. Kama unaanza bila kitu, linganisha kwa uaminifu na baiskeli nzima ya triatloni iliyotumika. Watu wengi hununua, hukimbia mashindano mawili, kisha baiskeli inakaa ukutani. Mara nyingi hiyo iliyotumika ndiyo itakayokugharimu kidogo.

Kuhusu ushuru, soma kanuni za nchi yako kwa fremu, usichukulie kwamba ni sawa na nguo au simu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umekuwa ukitoza baiskeli za China ushuru wa kuzuia bidhaa kuuzwa kwa bei ya chini isiyo ya haki tangu 1993, na baadaye ukaupanua hadi kwenye vipuri vikuu, fremu zikiwemo. Muuzaji akijitolea kuandika thamani ya chini kwenye karatasi, kataa: mzigo ukipotea au ukivunjika, utalipwa thamani hiyohiyo ya uongo.

Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai. Kadi ya benki au PayPal ya kununulia bidhaa, ambayo inakupa siku 180 za kufungua malalamiko. Ile ya kuwatumia marafiki fedha haina ulinzi huo, wala kutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti. Na tazama kalenda. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu. Rangi maalumu huongeza wiki nyingine. Fremu ya mashindano ya Aprili haiagizwi Januari.

Hatua ya 6: Boksi limefika

Washa kamera kabla ya kukata utepe, na urekodi mpaka mwisho. Usifunge kipuri chochote siku hiyo, kwa sababu fremu iliyokwishafungwa vipuri ni vigumu kuidai.

Pitisha taa ndani ya mabomba kupitia kila tundu. Mikunjo midogo ya ndani na mabaki ya mfuko wa kalibu ni kawaida. Nyufa, sehemu kavu zisizo na resini, au tabaka lililobanduka si kawaida. Gonga bomba zima kwa sarafu, polepole, ukisikiliza. Mlio hubadilika panapobadilika unene, na hilo ni sawa, lakini sehemu moja inayotoa sauti butu kama kadibodi, tofauti na upande wa pili wa bomba hilohilo, inastahili picha na swali.

Kwa unyoofu, funga uzi kwenye sikio la ekseli la nyuma upande wa kulia, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi hadi kushoto. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 2, andika kwa muuzaji. Weka gurudumu la nyuma na utazame kama limekaa katikati. Ingiza nguzo ya kiti kavu: iingie kwa mkono, isicheze. Pima kimo na umbali wa fremu ulinganishe na mchoro.

Hatua ya 7: Kuifunga

Kama hujawahi kupitisha mipira ya breki ndani ya usukani na bomba la usukani, mpe fundi aliyewahi. Hii si kazi ya kujifunzia kwenye fremu ghali kuliko vifaa vyako. Kama utajaribu mwenyewe, mambo machache tu. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, ni lazima; kabari ya nguzo ya kiti mara nyingi huandikwa Nm 5 (kipimo cha nguvu hiyo), na namba iliyo kwenye fremu yako ndiyo inayotawala. Nguzo ya kaboni ipakwe mafuta maalumu ya kaboni yenye chembechembe, si grisi. Usiibane fremu kwenye stendi kwa mabomba yake mapana. Bomba la uma likate refu kwanza, ujaribu mkao kwa wiki kadhaa, ndipo ukate tena. Vaa barakoa na ulowanishe msumeno, maana vumbi la kaboni halifai mapafuni.

Boliti za juu zipake grisi kila msimu. Kwenye triatloni jasho na vinywaji vya sukari vinadondokea palepale kwenye usukani kwa saa nyingi, na boliti iliyoota kutu ndani ya fremu ya kaboni ni kilio.

Hatua ya 8: Kilomita za kwanza

Weka alama ya utepe kwenye nguzo ya kiti mahali inapoingia. Endesha kilomita 30 hadi 50 kwenye barabara tulivu, rudi, kagua utepe na kila boliti kwa toki. Safari ya pili itafute upepo wa ubavuni, kwanza ukishika usukani wa chini, kisha ukiwa umelala kwenye mito. Mabomba mapana husukumwa, na ni vizuri kuujua msukumo huo pasipokuwa na magari. Jaribu mteremko wenye breki za nguvu ukiwa bado na nafasi ya kukosea.

Mlio ukija kwa kila mkanyago, anzia kwenye ekseli ya pedali na pedali zenyewe. Ukija unapovuta usukani umesimama, anzia kwenye beringi za mbele. Ukija unapokaa tu, ni kiti au kabari yake. Ukiona mstari kwenye rangi karibu na ungio, piga picha ukiweka rula pembeni, endesha kidogo, upige tena. Mstari uliobaki vilevile huenda ni rangi tu. Ulioongezeka, shuka, urudi nyumbani kwa miguu.